Pikipiki ya Ngongoti, Miguu ya Punje

Maneno yenyewe Baba aliyasema kama mtu anayeagiza chumvi. Alikuwa amekaa kwenye benchi la karakana yake, anafuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono, akasema bila kumtazama mtu usoni, "Ile pikipiki ya matope tuishushe. Punje aanze kuipanda. Wewe umeshakuwa mtu mzima, utapata nyingine."

Huyo mtu mzima alikuwa Ngongoti, binti yake wa kwanza, aliyekuwa amechuchumaa na kabureta la mteja ndani ya karai la petroli. Jina la Ngongoti alipewa na watoto wa mtaa alipoanza kurefuka, maana alirefuka kwa fujo: miguu ilitangulia, mwili uliobaki ukafuata nyuma ukihema. Punje naye ni mdogo wake kwa baba, mtoto wa mama mdogo, mke wa pili wa Baba, hajatimiza miaka kumi na mitatu. Alivyo mfupi, ukimtuma dukani muuzaji husikia sauti kwanza ndipo ainame juu ya meza kumtafuta mwenye sauti.

Ngongoti hakujibu. Alilichukua kabureta akalipuliza mpaka likalia filimbi, akalipuliza tena ingawa lilishakuwa safi, na Baba akachukulia kimya kile ni ndiyo. Tangu kiuno kimgomee mzee, kazi zote za kuinama alizifanya Ngongoti, na Baba kazi yake ilikuwa kukaa benchini, kupokea wateja na kuamua.

Kwanza tuelewane kuhusu pikipiki yenyewe. Haikuwa ya kubebea abiria wala ya kwendea sokoni. Ilikuwa ile ya mashindano, nyembamba, miguu mirefu kama panzi, siti yake iko juu usawa wa kifua cha mtu, imeumbwa kurukia matuta na kuogelea kwenye matope kule uwanja wa nyuma ya kiwanda cha matofali, ambako kila mwisho wa juma mtaa mzima huenda kula vumbi na kusengenyana. Ngongoti aliipata akiwa na umri huuhuu wa Punje. Na wakati huo, watu wameshasahau, yeye alikuwa mfupi kuliko wenzake wote.

Alivyoipanda ile pikipiki, ni yeye na Mungu wake. Kuipanda ilikuwa lazima aiegemeze ukutani. Kuondoka ilikuwa lazima mtu amshike kiuno kisha amwachie. Kusimama ndiyo ilikuwa kasheshe, kwa sababu vidole vya miguu havikufika chini, kwa hiyo kila aliposimama alikuwa anachagua tu aangukie kushoto au kulia. Watazamaji wakapata msemo wao: akianguka wanaambiana, "Ameshaegesha." Mtaa mzima ulicheka. Akirudi nyumbani goti limechunika, anamlilia Baba, Baba anamwosha, anamfunga kitambaa, anamwambia, "Utakua tu." Dawa yenyewe ndiyo hiyo. Utakua tu. Na kweli alikua.

Sasa kwa Punje hakuna cha utakua tu. Kwa Punje pikipiki ndiyo iiname.

Hapo ndipo roho ilipomchoma Ngongoti. Si kwamba mtu mwingine anagawiwa kitu chake, ingawa hilo nalo lilikuwa na uchungu wake. Ni kwamba miaka yote ile aliamini pikipiki ni kitu kisichobadilika, kama mlango au ukuta, wewe ndiye unayekua uifikie. Alipojifunza ufundi akajua kwamba hushushwa, tena si kazi kubwa, asubuhi moja inatosha. Alilijua hilo muda mrefu na hakuwahi kumuuliza Baba kitu. Alilikalia moyoni kama kuku na yai bovu.

Habari haikulala. Jirani wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mama Sindano, mshona viti, ambaye cherehani yake ilikaa barazani na masikio yake yalikaa mtaa mzima. Yeye ndiye angepunguza sponji ya siti, kwa hiyo alijiona ana haki ya kutoa maoni. Alimwita Ngongoti aje aonyeshe sponji ikatwe kiasi gani, akaweka chaki sikioni, akashusha sauti kama mtu wa karibu sana.

"Wewe mwenzetu uliangukia changarawe," akasema, "huyu anatandikiwa godoro. Lakini mimi simo."

Anatia moto, kisha anasema simo. Ngongoti alicheka kwa meno tu. Akachora mstari kwenye sponji, na Mama Sindano akapitisha kisu, na kile kipande kilipodondoka barazani Ngongoti akakitazama kana kwamba kimekatwa kwenye paja lake.

Ubaya wa mama mdogo ni kwamba hakuwa mbaya. Angekuwa mbaya kazi ingekuwa rahisi, mtu angemchukia akalala usingizi. Lakini tangu aingie nyumba ile alimwekea Ngongoti chakula kabla ya mwanawe, alimsuka nywele, alimtetea kwa Baba. Na Punje naye ndio usiseme. Walilala chumba kimoja, na mtoto yule alimfuata dada yake kama mkia, anatembea kama yeye, anatema mate pembeni kama yeye, hata kukunja uso anakunja vilevile. Sasa mtu kama huyo unamfanyaje? Unamwonea wivu huku anakukumbatia.

Siku ya kazi ikafika. Kushusha pikipiki ya namna ile kuna sehemu tatu. Ya kwanza ni siti, hiyo Mama Sindano alishamaliza, na ngozi mpya nyekundu juu. Ya pili ni nyuma: kuna vyuma viwili vifupi vinavyounganisha shokapu na mkono unaobeba tairi, ukivitoa ukaweka virefu zaidi, makalio ya pikipiki yanashuka. Ya tatu ni mbele: ile miguu miwili inayobeba tairi la mbele imebanwa na vishikio juu, karibu na usukani, unalegeza vishikio, unaisukuma miguu ipande juu, uso wa pikipiki unashuka, kisha unabana. Nyuma na mbele sharti zishuke sawa. Ukishusha nyuma peke yake pikipiki inakaa kama mbwa, kidevu juu. Barabara iliyonyooka itakwenda vizuri tu. Ila ukiiambia ikate kona, tairi la mbele linakuwa halina uzito, linakataa, linakwenda zake nje.

Ngongoti aliyajua haya kama anavyojua jina lake.

Akaanza na nyuma. Akaipandisha pikipiki juu ya gogo, akatoa vyuma vifupi, akapaka grisi, akafunga virefu alivyovichonga mchomea vyuma wa ng'ambo ya barabara. Stendi nayo akaikata, maana pikipiki ikishuka stendi inakuwa ndefu na kuisukuma iangukie upande wa pili. Kisha akaiteremsha chini. Ikaketi. Na kabla hajageukia mbele, Punje, aliyekuwa amemaliza kungoja, akavuta mguu juu ya siti, akakaa.

Nyayo zake zote mbili zikagusa sakafu. Si vidole. Nyayo, na visigino vyake.

Alishusha macho akaitazama miguu yake, kushoto, kulia, kisha akamtazama Baba. Na Baba, pale benchini, akatabasamu. Si tabasamu la mteja. Lilikuwa tabasamu lililoanzia shingoni, meno yote nje, macho yakapotea. Ngongoti alikuwa ameishi na mzee yule maisha yake yote na tabasamu lile hakuwahi kuliona, seuze kupewa. Yeye alipewa kitambaa cha goti.

Spana ya kufungulia vishikio vya mbele ilikuwa mkononi mwake. Akaitundika ukutani.

"Tayari?" Baba akauliza.

"Tayari."

Baba hakuona. Alikuwa anatazama miguu ya mtoto, na anayetazama miguu haoni usukani. Lakini karakana ile ilikuwa na sheria yake, ya tangu zamani, kwamba aliyefunga hakagui. Kazi haitoki mlangoni mpaka mkono wa pili umepita kwenye kila bolti. Baba akasema leo mkono wa pili uwe wa Punje, chombo ni chake, ajifunze. Basi Punje akazunguka na spana, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, anajaribu moja moja, nyuma, katikati, mbele. Zote zimebana. Na za mbele ndizo zilizobana kuliko zote, kwa sababu hakuna aliyezigusa. Sheria yenyewe ilikuwa ya kutafuta kilicholegea. Haikujua kutafuta kilichoachwa.

Ngongoti alisimama mlangoni akitazama, mikono ameikunja.

Mazoezi ya mashindano yaliyokuwa yakikaribia yakaanza. Kwenye mnyooko Punje alikuwa moto. Aliruka matuta kama aliyezaliwa angani, mtaa ukashika vichwa. Lakini mwisho wa mnyooko kuna kona kubwa, na kila Punje alipoifikia pikipiki ilimbeba nje, nje, mpaka kwenye nyasi, wenzake wanapita ndani wamejipangia mstari kama wanakwenda dukani. Mara ya kwanza watu walinyamaza. Siku iliyofuata walianza kucheka. Wiki haijaisha, watu wakawa na msemo mpya: "Punje ameenda kuchunga." Mama Sindano, aliyekuwa haachi zoezi hata moja, akatangaza kwamba mbio anazo mtoto, ila kona hana, na kona ni kitu cha damu, mtu huzaliwa nacho. "Kama dada yake," akaongeza, akimpiga Ngongoti begani.

Tuseme kweli. Utamu ule Ngongoti aliusikia. Ulimshuka kifuani polepole, wa moto, kama chai. Kwa miaka mingi hakuna aliyemsifia kona zake, na sasa zilikumbukwa kwa sababu mwingine hana. Baba akamwomba amfundishe mdogo wake, naye akamfundisha. Lalia zaidi. Toa goti. Sogea mbele kwenye tangi. Mafunzo yenyewe yalikuwa sahihi, kila neno, na kwenye pikipiki ile yasingesaidia chochote hata angefundishwa malaika. Hilo nalo alilijua.

Kilichoanza kumharibia utamu ni asubuhi moja alipoamka akamkuta Punje amepanda kiti cha chumbani mbele ya kioo. Amekumbatia beseni la kufulia kama usukani, amelala upande mpaka kiti kimesimama kwa miguu miwili, anajitazama shingo, bega, goti, huku anajisemea kwa sauti ya chini maneno yaleyale ya dada yake: lalia zaidi, toa goti. Kiti kikaanguka naye. Akainuka akakisimamisha, akapanda tena. Ngongoti akafumba macho, akajifanya bado amelala. Mwenyewe alijiambia mtoto atachoka.

Hakuchoka. Alianguka. Mwisho wa juma, kwenye kona ileile, safari hii alikataa kwenda kwenye nyasi. Akaulazimisha usukani kwa nguvu zake zote, tairi la mbele likateleza, pikipiki ikalala juu ya mguu wake. Mfupa haukuvunjika, ashukuriwe aliye juu, ila paja lilivimba na kuwa na rangi ya biringanya. Mama mdogo alikaa karibu naye akimkanda kwa maji ya moto bila kumlaumu mtu. Baba akazunguka uani. Jioni ile Punje akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshapima, kwamba anaacha. Si kwa ajili ya mguu. Kona hana, watu wamesema, na yeye ameona.

Baba akaacha kuzunguka. Kisha akamgeukia Ngongoti. "Basi, inyanyue kama ilivyokuwa. Mashindano utaendesha wewe."

Hivyo ndivyo alivyokipata. Kila alichokitaka kikarudi mikononi mwake bila hata kuomba: pikipiki, kona, nafasi. Ilibaki tu afunge vyuma vifupi na anyamaze. Na hakuna mtu duniani angejua, maana akiinyanyua nyuma, mbele itakuwa tayari iko palepale ilipokuwa siku zote.

Asubuhi yake akaipandisha pikipiki juu ya gogo. Baba alikwenda kununua vipuri. Punje akaja akichechemea, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaomba amshikie spana. Ngongoti akamwambia akapumzike. Punje akasema amepumzika vya kutosha, halafu akasema jambo ambalo Ngongoti alitamani asingelisikia.

"Dada, siku ukiwa huna kazi nifundishe kona. Sipandi tena. Nataka tu nijue ni kitu gani nilikuwa nakosea."

Ngongoti alikuwa na chuma kifupi mkono mmoja na grisi mkono wa pili, vile virefu bado hajavifungua. Alikumbuka alipokuwa mdogo, anaegesha mbele ya watu, na alivyokuwa akilala akiamini kwamba kosa ni miguu yake. Kosa lilikuwa chombo. Lakini hakuna aliyemwambia. Na leo hapa yuko yeye, mtu mzima, anajua, na anapaka grisi.

Akakiweka kile chuma mezani. Akaenda ukutani, akaitundua spana, akazunguka mbele ya pikipiki, akaanza kulegeza vishikio. "Shika usukani," akasema. Punje akashika. Miguu ya mbele ikapanda juu kidogo kidogo kwenye vishikio, na uso wa pikipiki ukashuka, ukashuka, mpaka pikipiki ikakaa sawa kama meza.

Punje hakuwa mjinga. Amekulia karakanani. Akatazama zile alama mpya zinazong'aa kwenye vyuma, pale ambapo palikuwa pamefichwa siku zote, kisha akatazama nyuma, kisha mbele.

"Hii ilikuwa haijafanywa?"

"Haikuwa imefanywa."

"Ulisahau?"

Hapo mtu angeweza kusema ndiyo, yakaisha. Ngongoti akabana bolti ya mwisho kwanza.

"Sikusahau."

Punje akauachia usukani. Ngongoti alingoja alie, au atukane, yote angeyapokea. Mtoto akasema, "Mimi nilikuwa nalia chooni. Nilidhani ni mimi." Akaisukuma pikipiki kutoka kwenye gogo, mguu mbovu na vyote, akaipiga teke, ikawaka, akatoka. Nyuma ya karakana kuna kiwanja kitupu. Ngongoti akasikiliza kwa masikio: mlio ukapanda, ukafika mwisho, ukazunguka. Haukukatika. Ulizunguka laini kama mtu anayekunja shuka. Ukarudi, ukazunguka tena. Na huwezi kuamini, mbali na aibu yote iliyokuwa imemfunika mpaka masikioni, mahali fulani chini kabisa wivu ukamchoma tena, mbichi, kwa sababu mzunguko ule ulikuwa mzuri kuliko wa kwake.

Mchana nyumba ilijaa, kama kawaida ya nyumba ile. Mama Sindano alikuwa amepita tu, hivyo alivyosema, na akakaribishwa sahani. Baba akaulizia kazi imefikia wapi. Punje akatafuna, akameza, akasema pikipiki imepona, ataendesha mwenyewe. Baba akauliza ilikuwa inaumwa nini. Punje akatwaa tonge jingine. Hakumtazama hata dada yake. Alimwachia.

Ngongoti akasema. Mbele sikuishusha. Nilijua. Kwa makusudi.

Mwiko wa mama mdogo ukabaki hewani juu ya sufuria. Kisha akauweka chini polepole, akafuta mikono, akatoka nje uani, na hilo lilimuuma Ngongoti kuliko kofi. Mama Sindano akaisahau sahani yake. Baba naye uso ulimkauka.

"Ungemuua mwenzako," akasema.

"Najua."

"Kwa nini?"

Na Ngongoti, ambaye alikuwa amelilea lile yai bovu tangu alipojifunza ufundi, likampasukia palepale mezani. Akauliza kwa nini huyu ameshushiwa na yeye hakushushiwa. Kwa nini yeye alikuwa anaanguka kila siku mbele ya watu, na Baba amekaa benchini, fundi mzima, anamwambia atakua.

Baba alimtazama kwa mshangao, kama aliyeulizwa kwa nini hakumnunulia ndege. "Sikujua kama inashushika," akasema. "Mimi nilikuwa naziba pancha za baiskeli, mwanangu. Pikipiki nilijifunzia kwenye hiyohiyo yako, kila ulipoivunja. Niliona haya kukwambia sijui."

Hilo ndilo lililokuwa jibu. Miaka yote ile alikuwa amemjenga Baba wa moyo mgumu, akamkasirikia, akamsamehe, akamkasirikia tena, kumbe hapakuwa na uamuzi wowote, palikuwa na mtu asiyejua kazi. Ungedhani angefarijika. Alijihisi kama aliyebeba gunia la mawe mlima mzima, kufika juu akaambiwa hakuna aliyeyaagiza.

Punje ndiye aliyetoa hukumu, na Baba akaikubali. Ataendesha yeye. Na Ngongoti asiiguse pikipiki, hata kuifuta vumbi.

Hakuigusa. Siku zile zilizobaki aliwatengenezea wateja, akampisha Punje mlangoni, wakalala chumba kimoja migongo imepeana. Mama mdogo alimwekea chakula, sahani ileile, ila maneno yakawa ya kuhesabika. Mtaani, kwa kazi nzuri ya Mama Sindano, kila mtu alikuwa anajua, na wengine walimwongezea Ngongoti hata dhambi ambazo hakuwa nazo: amekata breki, ametia sukari kwenye mafuta. Aliyabeba. Angesema nini?

Siku ya mashindano alisimama nje ya kamba pamoja na watazamaji, mahali ambapo hakuwahi kusimama, hajui mikono aiweke wapi. Mama Sindano akaja akajibana karibu naye na kikapu chake, akamwambia kwamba yeye binafsi hakutia chumvi hata punje. Bendera ikashuka. Punje akatoka katikati ya kundi, akaruka, akafika kona kubwa, watu wakavuta pumzi wakingoja aende kuchunga. Hakwenda. Alilala chini mpaka goti likakaribia kuandika ardhini, akapita ndani, akaacha wawili nje. Uwanja ulilipuka. Baba, na kiuno chake chote, alikuwa anarukaruka kwenye uzio.

Na tabasamu lile likamtoka tena, lilelile. Ngongoti akalitazama. Liliuma kama siku ya kwanza, hakuna kilichopungua. Ila safari hii hakugeuza uso.

Kisha akaona jambo lingine. Kwenye yale matuta madogo yaliyofuatana, nyuma ya pikipiki ilikuwa inamrusha mtoto kama punda mkorofi. Kila tuta, anarushwa, anakaa, anarushwa, na kila aliyempita alimpitia hapo hapo. Ngongoti akajikuta anasema peke yake, mpaka Mama Sindano akamuuliza anaongea na nani.

Punje hakushinda. Alimaliza katikati, na watu walimshangilia kama mshindi. Bado kulikuwa na mbio za pili mchana. Akaisukuma pikipiki mpaka kivulini, Baba akamkumbatia, mama mdogo akampa maji. Alipomaliza kunywa akaangaza macho juu ya vichwa vya watu, na kwa kuwa dada yake alikuwa mrefu kuliko wote pale, hakumtafuta sana. Akaja na pikipiki yake mpaka kwenye kamba. Hawakuwa wamezungumza tangu ile siku ya mezani.

"Nyuma inanirusha," akasema, uso ameukunja, kama mteja aliyekuja kulalamika. "Kwa nini?"

"Springi ya shokapu imefungwa kwa uzito wangu. Wewe ni mwepesi. Haikusikii."

"Hii nayo ulifanya makusudi?"

"Hapana. Hii nilisahau kabisa."

Punje akamkazia macho muda mrefu, anapima. Ngongoti akaacha apimwe. Ile springi ndicho kitu pekee kilichokuwa kimebaki cha kwake kwenye chombo kile. Kila kingine kilikuwa kimekatwa, kimerefushwa, kimeshushwa. Ikilegezwa hiyo, hataweza tena kuiendesha bila kugonga chini.

"Basi ilegeze," Punje akasema, akainyanyua kamba.

Ngongoti akainama, akapita. Inabidi uinamishe mgongo mzima ukiwa na urefu ule, na Mama Sindano hakuikosa nafasi, akamwambia aliyekuwa jirani yake kwamba leo aliyeshushwa ni mwingine. Ngongoti alimsikia vizuri tu. Akapiga magoti kwenye vumbi, akaomba spana, akaanza kuizungusha ile nati ya springi, huku mdogo wake amesimama juu yake, anatazama kila mzunguko, haondoi jicho.